Kumjua Bila Kumgusa

Je, yafaa kumchungua kiumbe asiyejua kwamba anachunguzwa? Swali hili lilinijia Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, nilipokuwa nimeketi barazani pa nyumba ya wageni nikihangaika na tafsiri iliyonishinda. Malori yaendayo Zambia yalikuwa yamepangana barabarani kama punje za tasbihi, yakipigiana honi. Mwenyeji wangu, mtu wa Rungwe, akatabasamu: “Mzee wangu, kule kwetu yuko kima aliaye namna hiyo.”

Kima huyo ni kipunji. Mlio wake u baina ya honi na kubweka, na kwao ni misitu ya Mlima Rungwe, safari ya saa chache kutoka Tunduma kwenda mashariki. Mwaka 2003 watafiti walizipata habari zake vinywani mwa wawindaji wa Kinyakyusa. Palikuwa na shaka, maana masimulizi ya Wanyakyusa yanao wanyama wa kweli na wa kubuniwa pia. Hata hivyo walisikiliza, wakaingia msituni, na kabla ya mwaka ule kwisha walikuwa wamemwona. Mwezi wa Mei 2005 akatangazwa ulimwenguni katika jarida la Science. Hakuuawa hata mmoja ili apewe jina. Kielelezo chake kilikuwa picha.

Sisi watu wa Unguja tunalo la kulinganisha. Chui wa kisiwa chetu alipewa jina la kitaalamu mwaka 1932, na shahidi wake alikuwa ngozi. Katika miaka 73 iliyopita baina ya majina hayo mawili, elimu ilijifunza adabu. Leo mnyama hufahamika kwa unyayo, kwa unywele ulionasa mwibani, kwa kinyesi chenye vinasaba vyake, kwa sauti iliyonaswa usiku, na kwa kamera iliyofungwa mtini, inayojipiga yenyewe apitapo mwenye damu ya moto. Huko Ulaya mbwa-mwitu wa nchi za baridi hufuatwa kwa njia hizo hizo, wala yeye hana habari.

Lakini tusiharakishe kuusifu mkono usiogusa. Agosti 2005 kipunji mmoja mchanga alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima. Maiti yake ilisema yale ambayo picha haikuweza kuyasema: vinasaba vilionyesha kuwa hana jenasi miongoni mwa zilizojulikana, na mwaka 2006 akapewa ya peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Watafiti hawakuutega mtego ule. Mkulima naye alikuwa akilinda chakula cha watoto wake. Kuikataa maiti kusingemfufua mfu, na kuipokea hakukuwa dhambi. Ila kifo kile kilitufunza kwamba msitu na shamba vimekwisha kugusana. Mtafiti anaweza kujizuia asimguse mnyama. Njaa na shoka havijizuii.

Na kamera ile ya mtini haichagui. Apitapo mama mwenye mzigo wa kuni, naye hupigwa picha. Kipunji hana sitara ya kuvunjiwa. Mama yule anayo. Nani amemwomba idhini? Na picha yake itafika mezani kwa nani? Ikiwa itakuwa ushahidi wa kumshitaki, basi chombo tulichokisifu kwa upole kimegeuka askari aliyejificha.

Liko pia suala la nani aaminiwe. Kwa miaka mingi wanavijiji wa Unguja walisema chui wangali wapo, wakachekwa. Mwaka 2018 watengeneza filamu kutoka Marekani wakasema kamera yao imemnasa chui kisiwani. Magazeti yakashtuka, ingawa si wataalamu wote walioridhika. Sidai kwamba wanavijiji walisema kweli. Nasema tu kwamba neno la mtu wa mahali lastahili kupimwa kwa mizani ile ile inayopimia picha. Wawindaji wa Rungwe wasingesikilizwa, pasingekuwa na kipunji vitabuni.

Jibu langu basi ni hili. Kumchungua asiyejua kwafaa, kwa masharti: sikio litangulie jicho, sitara ya binadamu ihifadhiwe, na ujuzi upokewe kama amana. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata vipunji 1,117, na hao ndio wote waliohesabiwa, Rungwe na kule Ndundulu milimani Udzungwa. Aliyekwisha kuijua idadi hiyo hawezi tena kusema hakujua. Akiuona msitu ukigeuka mkaa naye akanyamaza, kutogusa kwake hakumwondolei lawama.

Nilimwuliza mwenyeji wangu kama amepata kumwona kipunji. “Sijapata,” akajibu. “Baba yangu alinionyesha mlio tu, akasema tusiende karibu.” Nje, honi zilikuwa bado zinalia.