Ndagala wa Simba

Je, ni haki kumpa mbwa samaki ilhali mtoto wa jirani hajala? Swali hili lilinipata mwaka 2024, uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa kwa miezi 3 ili samaki wazaane. Kwetu Rumonge ndagala walipanda bei hata tukawa tunawahesabu chunguni.

Mbwa wetu, Simba, hulinda nyavu za baba usiku. Chakula chake ni ukoko wa ugali na mchuzi, na hapo sioni tatizo: amefanya kazi, alipwe. Lakini nilikuwa na zoea la kumrushia ndagala mmoja mmoja, nipate kumwona akiruka. Siku moja mtoto wa jirani alisimama mlangoni. Hakuomba. Alifuata kwa macho kila samaki, toka mkononi mwangu hadi kinywani mwa mbwa.

Bibi alisema mbwa hana kosa. Kweli. Mtu aweza pia kujitetea kwamba ndagala mmoja hamshibishi mtoto. Hilo nalo kweli, ila mtoto yule hakuwa akipima shibe. Alikuwa akiona nani anathaminiwa kwetu. Na nikijichunguza, ile haikuwa zawadi ya Simba. Nilikuwa nikijinunulia kicheko kwa kitoweo cha nyumba nzima.

Sasa Simba anapata ukoko wake, na kichwa cha mukeke siku tukimpika. Nikitaka aruke, namrushia kijiti; huruka vilevile. Mtoto yule nilimwita ale nasi kesho yake. Hakuja.