Damu ya Mnyonya Damu Ina Bei?

Dracula ni maiti. Watu husahau hilo kwa sababu anavaa vizuri na anaongea kwa adabu, lakini tangu Bram Stoker amtoe kitabuni mwaka 1897, hoja yote imesimama hapo. Yule bwana alishakufa, akakataa kulala kaburini, na sasa anaishi kwa kuiba uhai wa wengine. Uovu wake hauhitaji maelezo. Ukimchoma kigingi kifuani hujaua mtu, umemaliza tu kazi ambayo kifo kiliianza.

Sasa wapo vijana wanaoandika hadithi, na Garissa wapo pia, ambao wamechoka na maiti. Wanataka mnyonya damu aliye hai. Kiumbe wa jamii yake, aliyezaliwa na mama, akanyonya, akaota meno, anayeugua malaria kama sisi na kuzeeka kama sisi. Wazo zuri, na mimi naliunga mkono. Ila ukishampa uhai umehamisha kesi nzima. Maiti anayekunywa damu ni mwizi, sawa. Aliyezaliwa akiwa hawezi kuishi bila damu ni nani? Hakuchagua. Na mtoto wake wa miezi mitatu anayelia usiku kwa njaa, yeye ana kosa gani?

Huku kwetu tunaye mnyonya damu aliye hai ambaye hahitaji kubuniwa. Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilifurisha Garissa na Wajir. Mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba, kisha watu wakaanza kutokwa na damu na kufa. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Ikarudi Desemba 2006, tena ikianzia Garissa, na kabla haijaisha mwaka uliofuata ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 nchini Kenya. Uchinjaji ulipigwa marufuku, wenye bucha wakakaa bila kazi, na mfugaji mwenye mbuzi mia moja akawa maskini mwenye mbuzi mia moja. Wengi walioambukizwa waliupata ugonjwa kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja. Lakini aliyeanzisha mambo ni mbu.

Mtazame mbu huyo vizuri kama wewe ni mwandishi. Anataga mayai kwenye udongo wa vibonde ambavyo hujaa maji mvua ikizidi. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanalala kwenye udongo mkavu miaka na miaka, baadhi yake yakiwa na virusi ndani, ng'ombe wanapita juu, watoto wanacheza mpira juu, hadi siku mafuriko yafike. Halafu anayekunywa damu ni jike peke yake, kwa sababu anahitaji chakula cha mayai yake. Dume anakunywa utamu wa maua. Yaani kile kinachotuua sisi, kwake ni uzazi. Nani kati yetu angebuni kitu kama hicho akiwa amekaa kwenye kiti?

Na bado hakuna mzee wa Garissa aliyesema mbu ametenda dhambi. Watu walitandika neti, dawa ikapulizwa, mifugo ikachanjwa. Mbu hashtakiwi kwa sababu hawezi kuelewa mashtaka. Kwa hiyo njaa peke yake haileti swali la maadili, na damu peke yake hailileti pia. Swali linakuja pale mwenye njaa anapokuwa na akili ya kujua kwamba aliyelala mbele yake ni mtu.

Utaniambia wapo watu wenye akili wanaokunywa damu na hakuna anayewaita mazimwi. Kweli kabisa. Warendille wa Marsabit, majirani zetu upande wa magharibi, hutoboa mshipa wa shingo ya ngamia kwa mshale mfupi, wakakinga damu, wakaichanganya na maziwa, kisha wakaziba kidonda na ngamia akaenda zake malishoni. Wasamburu na Wamaasai hufanya hivyo kwa ng'ombe. Msomali wa Garissa atakunja uso akisikia, maana damu kwake ni haramu, imetajwa wazi katika Surat Al-Maida. Lakini aya hiyo hiyo inamwachia mlango aliyebanwa na njaa bila kukusudia dhambi. Na wanazuoni wakaweka kipimo: dharura inachukuliwa kwa kiasi chake, yaani unakula cha kukuokoa na kifo, hushibi.

Huo mlango ni wa mtu aliyepotea porini siku nne. Je, ambaye kila siku ya maisha yake ni dharura? Hapa ndipo kiumbe wa kubuni anapoanza kuwa na faida, kwa sababu anaivuta sheria mpaka pale ambapo maisha ya kawaida hayafiki. Ukimwandika anakunywa damu ya ngamia tu, umeandika Mrendille mwenye meno makali, na hadithi imekwisha. Lazima akuhitaji wewe. Akihitaji kikombe kimoja kwa mwezi, kutoka kwa mtu ambaye hatakufa, ana haki ya kuomba? Ana haki ya kuchukua akikataliwa?

Kabla ya kujibu, angalia mazimwi tuliyorithi. Dhegdheer, yule mama mwenye sikio refu linalosikia nyayo zako kutoka mbali, aliyewatisha watoto wa Kisomali vizazi kwa vizazi, anakula watu lakini yuko hai, ana nyumba, ana chungu jikoni. Qori Ismaris ni mtu anayejisugua kijiti jioni akawa fisi, asubuhi akajisugua tena akarudi kuwa mtu. Ukishuka pwani na Nairobi ya wakoloni utamkuta mumiani, ambaye watu waliapa kwamba anakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo ya Afrika Mashariki na Kati katika kitabu chake cha mwaka 2000, na jambo moja linalojitokeza ni kwamba wanyonya damu hao walikuwa waajiriwa. Wazima moto, askari, watu wa hospitali, wakifanya kazi kwa mzungu kwa mshahara. Ilikuwa ajira kabisa, mtu anaripoti kazini.

Umeona kinachokosekana? Hakuna kati yao aliye kabila. Dhegdheer ni mwanamke mmoja. Qori Ismaris ni mtu mwenye siri, na anaweza kuwa jirani yako yeyote. Mumiani ni kazi, na kazi mtu anaweza kuiacha. Sidhani waliotusimulia walikaa wakakubaliana hivyo, lakini ndivyo ilivyo: uovu walimpa mtu au wakaupa cheo, hawakuupa ukoo. Wewe unayebuni jamii nzima ya wanyonya damu, wenye watoto na mabibi na sura zinazofanana, unafanya kitu ambacho hadithi zetu za jioni hazikukifanya.

Na hapa kwetu kitu hicho kilifanywa, ila si na waandishi wa hadithi. Neno "shifta" lilikuwa na maana ya jambazi. Vita vya 1963 hadi 1967 vilipokwisha, lilikuwa limebandikwa kwa yeyote mwenye pua na nywele za namna fulani. Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuchujwa, na waliopita wakapewa kadi ya waridi juu ya kitambulisho, kuthibitisha kwamba ni Wakenya, ati. Na Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wametaja mamia, na wengine maelfu. Aliyetoa amri hakuuliza nani amefanya nini. Aliuliza ukoo.

Sisemi kubuni jamii ya wanyonya damu ni sawa na Wagalla. Huo ungekuwa upuuzi na dharau kwa waliokufa. Ninachosema ni kwamba msomaji wa Garissa anajua kwa mwili wake inavyokuwa kuitwa hatari kwa kuzaliwa tu, na ukimwandikia kiumbe ambaye uovu uko kwenye damu yake tangu tumboni, atamtazama kiumbe huyo kwa jicho ambalo hukulitegemea. Huenda akamhurumia. Huenda akafunga kitabu.

Mimi ningetafuta msaada kwenye xeer, sheria ya mapatano ya Wasomali, na hasa kwenye mag, malipo ya damu. Kimapokeo mwanamume akiuawa ni ngamia 100, mwanamke 50. (Nusu. Nina ugomvi mrefu na hiyo nusu, lakini si leo.) Mag haiulizi kama muuaji ana roho mbaya. Inauliza damu imemwagika kiasi gani, upande gani unalipa, upande gani unapokea. Wazee wanakaa chini ya mti, wanabishana siku tatu, chai inaisha na inapikwa nyingine, na mwisho kuna hesabu.

Mtu makini atanishika hapo: mag nayo inabebesha ukoo mzima, si ndiyo kosa lile lile la Wagalla? Karibu, lakini si lile lile. Kwenye mag ukoo unaodaiwa una mzee aliyekaa kwenye mkeka, anasema, anapinga, anapunguziwa. Deni likilipwa linakufa. Na jambo kubwa kuliko yote, deni linakwenda pande zote mbili. Wakimuua mtu wetu wanatulipa, tukimuua mtu wao tunawalipa. Pale uwanjani Wagalla hapakuwa na mkeka, na damu ya upande mmoja haikuwa na bei.

Octavia Butler alikaribia jambo hili katika Fledgling, riwaya yake ya 2005. Wanyonya damu wake, Ina, huzaliwa, hukua, huishi na binadamu wanaowapa damu, na binadamu hao hupata afya na miaka mingi, ingawa hawawezi tena kuondoka kirahisi. Hapo kwenye kutoweza kuondoka ndipo kitabu kinapouma. Na mambo yakiharibika, Ina wanaitisha baraza. Unasoma riwaya ya wanyonya damu na ghafla uko kwenye kesi, mashahidi wanaulizwa maswali.

Kwa hiyo ukibuni jamii yako, ianze na damu yao kabla ya yetu. Tuseme wanaishi kando ya mto Tana, juu ya daraja, familia tisa. Hunywa mwezi ukiwa mwembamba, kutoka kwa watu waliokubaliana nao, kikombe kwa mbuzi mmoja wa maziwa. Wamelipa miaka yote. Usiku mmoja wa ukame, mbuzi hakuna, mmoja wao anaingia nyumba ya watu Bulla anakunywa bila ruhusa kutoka kwa mvulana aliyelala. Mvulana haumwi sana, asubuhi anaamka na kizunguzungu tu. Kaka yake anachukua panga, anaenda mtoni, na wa kwanza anayemkuta ni binti wa miaka sita anayechota maji, ambaye hakunywa chochote usiku ule.

Wazee wa pande zote mbili wamefika. Mkeka umetandikwa. Upande mmoja umedai kikombe kimoja cha damu, na ni haki yao. Sasa wote wanamsubiri mzee wa Garissa aseme yule binti ni ngamia wangapi.