Kigoda cha Milansi



Fungueni Biblia, kitabu cha Waamuzi, sura ya tatu, msome mkiwa na watoto. Ehudi, mtu wa mkono wa kushoto, anamwendea mfalme Egloni aliyenenepa kupita kiasi, na upanga unazama tumboni mpini na yote. Nje, watumishi wanasubiri weee, wakidhani bwana wao yuko msalani. Mtoto atacheka, nawe utacheka. Waisraeli hawakuona haya kuisimulia historia yao hivyo, kisa cha mnyonge aliyemzidi akili mwonevu wake.

Hata huko Uingereza, Terry Deary na mchoraji Martin Brown walianza mwaka 1993 kutoa vitabu vya historia vyenye vibonzo na utani, na wazazi wakajikuta wanavisoma wao wenyewe. Wakenya nao walimchora Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, katika vitabu vya vibonzo vya Pichadithi.

Na kwetu Ufipa je? Wazee wanasimulia kwamba mtawala wa Milansi alikuwa mawindoni walipofika wanawake watatu wageni. Mke wake akawapa kigoda cha utawala. Mume anarudi, kigoda kimekaliwa! Mchoreni hapo mlangoni, jasho linamtiririka, mkuki begani, mdomo wazi, na mke akitazama pembeni. Hakumwaga damu. Wageni wakatawala nchi, yeye akabaki na kijiji chake cha Milansi na heshima ya kuwasimika watawala wapya. Ukurasa mmoja wa picha hiyo ungemfundisha mtoto zaidi habari za madaraka na amani kuliko tarehe kumi za kukariri kwa ajili ya mtihani.

Katika Yoshua sura ya nne, mawe kumi na mawili yanasimamishwa ili watoto waje kuuliza maana yake. Sisi tunayo malungu, yale matanuri marefu ya udongo yaliyoyeyusha chuma kwa mvuto wa hewa tu, bila mivukuto. Mtoto anapita na mbuzi kando ya magofu yake wala haulizi, kwa kuwa nyumbani historia husemwa kwa sauti ya kugomba. Mzazi anapocheka pamoja na mwanawe juu ya kitabu kimoja, mtoto anapata ujasiri wa kuuliza hata maswali mazito: ya njaa, ya watu waliouzwa utumwani. Hayo tusiyatanie. Tuyaeleze kwa upole, katika kitabu kilekile.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo: wiki hii wapeni watoto karatasi na penseli, wachore kisa cha Milansi. Babu na bibi wakae karibu yao wasahihishe: mavazi yalikuwaje, kigoda kilichongwaje, nani alisema nini. Wakibishana wazee kwa wazee, waacheni wabishane, na watoto wachore masimulizi yote mawili.