Kiti na Karama

Mamlaka katika kanisa la Kipentekoste husimama juu ya miguu miwili. Mguu wa kwanza ni karama, ambayo waumini husadiki kuwa hutoka kwa Roho, wala haipigiwi kura. Wa pili ni kiti, ambacho hutoka katika katiba na huja pamoja na muhuri, daftari la fedha na hati ya kiwanja. Miguu hii ikienda pamoja kanisa hutembea. Mmoja ukitaka kuwa mwili mzima kanisa huanguka. Basi, viongozi wagawanyikapo makundi kwa ajili ya kiti, ni nani mwenye haki ya kuamua baina yao?

Mfarakano si jambo geni. Uamsho wa Azusa Street, mjini Los Angeles, ulianza mwaka 1906. Kufika 1911 mhubiri mgeni William Durham alifungiwa mlango na William Seymour, kiongozi wa uamsho huo, kwa kuwa mafundisho yao yalipingana. Kwetu, mwaka 1991, EAGT ilijitenga na TAG chini ya Moses Kulola, mzaliwa wa Usukuma aliyefariki mwaka 2013. Makanisa yote mawili yangali hai.

Kwa hiyo si kila utengano ni dhambi. Paulo na Barnaba walishindana juu ya Marko, wakaachana. Mmoja akashika njia ya Kipro, mwingine ya Shamu na Kilikia, na safari moja ikawa mbili. Ibrahimu, aliyekuwa mkubwa, alimwachia Lutu achague nchi kwanza. Katika visa hivi hakuna aliyemdai mwenzake ufunguo. Hiki ndicho kipimo: ateteaye kweli yu tayari kuondoka mikono mitupu, ateteaye kiti huikumbuka kweli mpaka apewe muhuri.

Ubaya huanza kiti kijivikapo vazi la karama. Kiongozi akiulizwa hesabu, hujibu kwamba amwulizaye anampinga Mungu. Swali la fedha likageuka uasi. Mpinzani wake naye hudai kuwa ameonyeshwa katika maombi. Mabishano hayana mwisho pale ambapo kila upande umemfanya Mungu shahidi wake. Aghalabu huishia kwa msajili wa jumuiya au mahakamani, mbele ya watu wasiouliza Roho amesema nini, bali katiba imeandikwaje.

Wakati huo mwenye mali hakuulizwa. Katika Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, wilaya za mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, sadaka kubwa hungoja pamba. Mkulima hupanda, hupalilia, huchuma na kuuza, ndipo atoapo fungu lake. Mtu huyu wakubwa hawamtaki shauri. Humtaka achague upande tu. Asipochagua, huitwa vuguvugu. Akichagua, jirani aliyemwombea mwanawe mgonjwa huwa adui.

Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana baada ya mavuno. Kila chama huleta ufundi wake wote, na dawa zake pia; lakini wachezaji hawajihukumu wenyewe. Uwanja uliovuta watazamaji wengi ndio ulioshinda. Mlokole atasema kwamba ngoma hizo zina uganga, na tena umati si mizani ya kweli, kwa kuwa umati nao hukosea. Nakiri hoja ya pili ina uzito. Umati hauwezi kuihukumu karama. Lakini waweza kukihukumu kiti, kwa sababu kiti kimechongwa kwa jasho lake. Aliyetoa bei ya pamba yake ana haki ya kusomewa hesabu, kujua mwisho wa muda wa uongozi, na kusema ni nani atakayeshika muhuri. Haki hiyo haimpunguzii Roho kitu. Humpunguzia mwanadamu nafasi ya kujificha nyuma ya Roho.

Husemwa kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Katika nchi ya wafugaji hakuna awezaye kuikana methali hiyo. Lakini methali yanena habari za fahali, wala haikumtaja mchungaji. Kiongozi aitumiaye kujitetea amekwisha kutuambia yeye ni yupi kati ya hao.