Damu ya Wazazi, na Hatia ya Nani?

Kijana na msichana wamependana, mshenga amekwenda na kurudi, ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa. Wazee wameuliza juu ya uchawi, uvivu na ugomvi wa ukoo. Je, yafaa waulize pia juu ya damu?

Kwa watu wa Mara hilo si swali la kubuni. Mwaka 1956 Daktari Anthony Allison alichapisha hesabu ya damu za watu wa Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, watoto 89 walikuwa wamerithi selimundu kwa mzazi mmoja, na 9 kwa wazazi wote wawili. Kati ya watu wazima 654, waliorithi kwa mmoja walikuwa 249. Waliorithi kwa wote wawili walikuwa 5 tu. Kama wagonjwa wote wangalikua, tungalitegemea kuwaona 20 hivi. Msomaji ajua wengine walikokwenda.

Kosa lenyewe ni dogo mno: kipande kimoja tu cha himoglobini, ile protini ichukuayo oksijeni, kimebadilika. Chembe ya damu ikiisha kutoa oksijeni hupinda kama mundu, hukwama katika mishipa myembamba, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Lakini aliyerithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui hivyo, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huu ni mwingi kando ya Ziwa. Kilichomwokoa babu ndicho kimtesacho mjukuu.

Basi nani mwenye hatia? Wazazi wawili wenye urithi huo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mgonjwa, na aliyetangulia kuugua hampunguzii anayefuata. Hata hivyo lawama humwangukia mama: ameleta mkosi nyumbani. Baba aliyetoa nusu kamili ya ugonjwa huketi na wazee akisikitika. Wanafunzi wa Bwana nao walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyompofusha yule kipofu wa kuzaliwa. Hawakupewa jina la mtu.

(Yako magonjwa, kama ule wa vivimbe vingi vya utumbo mpana vigeukavyo saratani, ambayo mzazi mmoja atosha: kila mtoto ana nafasi moja katika mbili. Huko mgonjwa ana deni la kuwaambia hata ndugu zake.)

Tarehe 12 Septemba 1958 Papa Pio XII aliwahutubia wataalamu wa damu waliokutanika Roma. Aliona faida ya uchunguzi kabla ya ndoa. Wachumba waweza kushauriwa wasioane, alisema, bali kuwakataza haifai. Twakubali. Mgonjwa si mzigo ambao heri usingalizaliwa, na leo dawa ya hidroksiurea na kinga dhidi ya maambukizo huwafikisha wengi utu uzima. Lakini ajuaye kilichomo katika nyumba yake akanyamaza, amemnyima mwenzake uhuru wa kukubali.

Watu wa Bunda na Butiama watatujibu kwamba binti akipimwa ataachwa. Hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo wapimwe wote wawili, siku moja, majibu wapewe wao wenyewe. Tena lifanyike mapema: ndoa ikiisha kutangazwa kanisani Jumapili tatu, na ng'ombe wakiwa zizini mwa baba mkwe, nani atathubutu kusema?