*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Chai ya Tangawizi na Deni la Shukrani*

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tuzungumze kuhusu chai ya tangawizi. Usicheke. Tangawizi imetajwa ndani ya Qur'ani Tukufu. Fungua Sura ya 76, Al-Insan, aya ya 17. Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba watu wema huko Peponi watanyweshwa kinywaji kilichochanganywa na zanjabil. Zanjabil ndiyo hii hii tangawizi kwa jina, ingawa ladha ya Peponi hakuna aliyeionja.

Sasa rudi nyuma kidogo, aya ya 8 na ya 9, uone hao watu wema walifanya nini. Walilisha chakula. Walimlisha maskini, yatima na mateka, na nia yao ilikuwa radhi za Allah peke yake. Hawakutaka malipo kwa waliowalisha, wala hawakutaka kushukuriwa. Kwa hiyo waliowahudumia wengine bila kudai ahsante, ndio watakaohudumiwa.

Turudi kwenye meza zetu hapa Arusha. Ile chupa ya chai unayoikuta imejaa baada ya adhana ya Magharibi, imejazwa na nani?

Kuna mtu alikwenda Soko Kuu au Kilombero akachagua tangawizi mbichi, pengine imeteremka kutoka milima ya Upare, kule Same. Akaikwangua maganda, akaiosha, akaitwanga kwenye kinu. Akaichemsha kwanza kwenye maji mpaka harufu ikajaa nyumba nzima, ndipo akatia majani na maziwa. Huo utaratibu ni elimu. Tangawizi mbichi ukiitia kwenye maziwa kabla haijachemka, maziwa hukatika, na chai yote unamwaga. Na wewe hujawahi kuona maziwa yamekatika, kwa sababu yeye anajua.

Kubwa zaidi, na yeye amefunga. Amesimama mbele ya moto na koo limekauka, sukari anaikadiria kwa mkono tu, hathubutu kuonja. Sisi tunakaa, tunapiga fundo moja, halafu: "Mbona leo sukari kidogo?" Saa tisa usiku, baridi ya Meru ikiwa imeshuka, yeye ndiye wa kwanza kutoka kwenye blanketi ili sisi tukute daku ya moto.

Ukimuuliza mwanamume, "Umemshukuru?" wengine wanajibu kwa dini kabisa: "Ustadhi, yeye anafanya kwa ajili ya Allah. Aya si imesema hawataki shukrani?"

*Hapa ndipo tunapoigeuza aya juu chini.* Aya ile inaeleza moyo wa anayemimina. Haimpi ruhusa anayekunywa. Aliyekunywa amepewa maneno yake mwenyewe: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Ni watu wawili na kila mmoja ana amri yake. Mmoja ameambiwa asidai, mwingine ameambiwa alipe. Mtu akikukopesha akaona haya kukudai, deni limefutika? Kunyamaza kwake ni uungwana wake. Kutolipa kwako ni kosa lako.

Kuna anayesema, "Nikimshukuru nitaharibu ikhlasi yake." Ndugu yangu, ikhlasi yake iko baina yake na Mola wake, haijakabidhiwa kwako uilinde. Ungekuwa mlinzi wa kweli wa ikhlasi, usingelalamikia sukari.

Mwingine anasema, "Lakini ni wajibu wake." Twende taratibu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba kupika na kufua si katika mambo ambayo sheria imemlazimisha mke. Anafanya kwa wema na kwa desturi nzuri ya kuishi pamoja. Basi kile ulichokiita haki yako, huenda kila jioni ni sadaka unayopewa ndani ya kikombe.

Na kama anayepika ni dada wa kazi? "Huyo namlipa mshahara." Sawa, mshahara ni haki yake. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba mtumishi anapokuletea chakula umkalishe mle pamoja, na kama si hivyo basi umpe japo tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyevumilia joto lake na kukiandaa. Angalia sababu iliyotajwa: joto la jiko. Mshahara umelipa masaa, lakini ule moto bado una haki yake. Jamani, ni nyumba ngapi dada anafuturu jikoni peke yake, kwa chai iliyobaki, ikiwa imepoa? Na kama si Mwislamu, hilo joto halikumuunguza vilevile?

Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akikitia kasoro chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ukifika wakati wa Swala alitoka kwenda kuswali. Shukrani yake ilikuwa na mikono.

Na wewe mama, dada, binti unayesoma ujumbe huu huku sufuria iko jikoni: ahsante ikichelewa, usiiache ikawa sumu moyoni. Aliyeitaja zanjabil anakuona. Ila neno hili ni lako ujifariji nalo. Mumeo asije akakusomea yeye.

*Kazi ya leo:*
1. Kabla hujasema lolote kuhusu chai, mshukuru aliyeipika, kwa jina lake, watoto wakisikia.
2. Usiku wa leo amka wewe kwanza. Twanga tangawizi, chemsha maji, mmiminie yeye kikombe cha kwanza.
3. Kama kuna dada wa kazi, afuturu mezani pamoja nanyi, chai ikiwa ya moto.

Ewe Mola wetu, tujaalie tunapotoa tusidai, na tunapopewa tusisahau. Wanyweshe waliotunywesha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho in sha Allah.