Kweli Juu ya Kaburi

Desturi ya watu wengi ni kumsifu aliyekufa. Siku ya maziko ulevi wake husahauliwa, na uchoyo wake hufukiwa pamoja naye. Je, ni haki kuzitaja kasoro za marehemu, au yafaa tunyamaze?

Watu wa Săpânța, kijiji cha wakulima na wafugaji kaskazini mwa Rumania, karibu na mpaka wa Ukraine, wamelijibu swali hili kwa namna yao. Mwaka 1935 mchongaji wa hapo, Stan Ioan Pătraș, alianza kuandika mashairi juu ya misalaba ya makaburi. Msalaba huwa wa mti wa mwaloni, nao hupakwa rangi ya buluu. Juu yake huchongwa picha ya marehemu: mwanamke akisokota sufu, au mchungaji na kondoo wake. Chini ya picha marehemu mwenyewe hunena, akisema “mimi”. Mwenye bidii hutaja kazi yake. Mlevi hukiri chupa yake. Misalaba hiyo imezidi 800, na mahali hapo huitwa Makaburi ya Furaha.

Pengine utasema, msomaji, kuwa huo ni ukatili. Maiti hana kinywa cha kujitetea, na aibu yake huwaangukia watoto wake walio hai. Hoja hiyo ina uzito. Kweli isemwayo kwa chuki hujeruhi kama uongo. Lakini tazama jinsi kweli hii isemwavyo. Mchongaji hakuwa mgeni. Aliishi na watu aliowaandika. Wala hakujitoa katika hukumu yake: aliuchonga msalaba wake mwenyewe kabla hajafa mwaka 1977, na mwanafunzi wake akaishika kazi hiyo baada yake.

Sifa za uongo humfananisha marehemu mmoja na marehemu wote, hata yule tuliyempenda akatupotea mara ya pili. Kweli yenye huruma humrudisha kama alivyokuwa, na kicheko chake na kosa lake. Kwa hiyo naona kuwa kumsema maiti ni haki ya yule tu aliyemjua, akamhurumia, na aliye tayari kusemwa vivyo hivyo.

Nawe uliye hai unayo bahati ambayo waliolala Săpânța hawanayo tena: shairi lako halijachongwa. Kama leo lingekutia haya, kesho waweza kulibadili kwa matendo yako.